Ngazi Tano: Ni Huruma ama Ni Deni?

Wiki hii nawaomba mniruhusu niache kidogo ufafanuzi wa mahubiri ya Jumapili niandike juu ya ngazi. Ndiyo, ngazi. Zile tano za mbele ya jengo letu, na zile tatu za kupanda madhabahuni.

Wote mnajua tunajiandaa kwa harambee ya mjengo. Kwenye kikao cha kamati fundi alituletea orodha ya gharama, na ndani yake kulikuwa na mambo matatu yaliyotuchukua muda mrefu kuliko hata mabati: rampu ya saruji ya kupandia kanisani, milango mipana zaidi, na choo kimoja ambacho kiti cha magurudumu kinaweza kuingia na kugeuka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye ametoa kwa kanisa hili kuliko wengi wetu, akauliza, "Kwani hao watu ni wangapi?" Mwingine akaongeza, "Si vijana huwa wanawabeba? Na wanawabeba kwa upendo." Hakuna aliyesema kwa ubaya. Watu wanaohesabu pesa za sadaka wanapaswa kuuliza maswali kama hayo.

Nimesomea biashara, kwa hivyo swali la wangapi silidharau, na nitalirudia. Lakini chini yake kuna swali lingine limejificha, na hilo si la hesabu. Rampu ni kitu gani hasa? Ni zawadi tunayowapa watu fulani tukipata pesa za ziada, ama ni kitu wanachotudai tangu siku ile tulipoamua sakafu ya kanisa iwe juu ya ardhi? Bajeti ikikaza, na kila mara bajeti hukaza, zawadi ndiyo hukatwa kwanza. Deni halikatwi hivyo.

Hebu tuanze na huku kubeba. Vijana wetu wanafanya kazi njema, na sitaki mtu asome hapa kama nawalaumu. Lakini angalia vile inavyokwenda. Dada yetu anafika kwa bodaboda ama kwa teksi, kiti chake kinateremshwa, anakaa pale chini akitafuta kwa macho kijana anayemfahamu. Wakipatikana wawili wanangoja wawili wengine. Wanamwinua, mmoja anashika mahali ambapo mwanamke hapendi kushikwa na mtu asiye ndugu yake, yeye anashikilia sketi yake kwa mkono mmoja na Biblia kwa mwingine, na anatabasamu. Lazima atabasamu. Asipotabasamu tutasema hana shukrani. Akishawekwa ndani, hatoki mpaka ibada iishe, kwa sababu choo kiko nje na kutoka ni kuita tena watu wanne. Wengine huacha kunywa chai asubuhi ya Jumapili kwa sababu hiyo. Na Jumanne, kwenye maombi ya mchana, vijana wako kazini na shuleni. Kwa hivyo Jumanne haji, na sisi tunadhani hapendi maombi.

Mimi napanda ngazi zile zile kila siku. Sijawahi kumshukuru mtu. Sijawahi kungoja mtu. Sasa nikawaza: kwani ngazi ni nini? Sakafu yetu iko sentimita 75 juu ya ardhi, kwa sababu mvua ikinyesha maji hupita pale mbele kama mto. Hakuna mtu mwenye miguu yake miwili anayeweza kuingia kwa heshima kwenye mlango ulio sentimita 75 juu bila msaada. Mama zetu wangepandaje? Basi tukajengewa msaada, vipande vitano vya sentimita 15 kila kimoja, na saruji ikanunuliwa kwa pesa za kanisa lote. Ngazi ni msaada kwa wanaotembea. Tofauti ni kwamba msaada wangu unaitwa jengo na msaada wa dada yetu unaitwa huduma maalum. Wangu uliingia kwenye ramani bila kujadiliwa. Wake unahitaji hoja, kura na harambee.

Hapo ndipo nilianza kuona neno huruma halitoshi. Ulemavu wa miguu ya dada yetu haukutoka kwetu. Lakini kushindwa kwake kuingia kanisani kulitoka kwetu, sentimita 75 kamili, na ziliamuliwa kwenye kikao.

Sote tunaipenda ile habari ya Kapernaumu, kwenye Marko sura ya pili, ya mtu aliyepooza akateremshwa kupitia paa. Tumewahubiri wale wanne mpaka wamekuwa kama mashujaa wa vitabu vya watoto, na wanastahili. Sijasikia mahubiri mengi juu ya wale waliojaa mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekuja kusikiliza neno, wamekaa vizuri, wamewahi mapema. Lakini mtu mwenye shida ya kweli alipofika, hapakuwa na njia, na ushujaa wa wale wanne ulihitajika kwa sababu ya jinsi wengine walivyokaa. Kila nionapo vijana wetu wakimwinua mtu huwa nafurahi kwa ajili yao, kisha najiuliza habari ya mlango.

Kuna mtu mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yanasaidia kulielewa jambo hili. Jina lake ni Ron Mace. Alizaliwa mwaka wa 1941, na akiwa na umri wa miaka 9 akapata polio. Alipoenda chuo kikuu huko North Carolina kusomea usanifu wa majengo, madarasa yalikuwa juu ya ngazi na kiti chake hakikutosha kwenye mlango wa choo. Kwa hivyo alibebwa kupanda na alibebwa kushuka, mtu mzima anayesomea jinsi majengo yanavyojengwa. Alihitimu mwaka wa 1966. Angeweza kutumia maisha yake akidai milango maalum ya watu kama yeye, ile ya nyuma karibu na pipa za taka, yenye alama ya kiti. Alidai kitu kingine. Alisema jengo lichorwe tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wa kila umri na kila uwezo wanaweza kulitumia, kwa kadiri inavyowezekana, bila kuongezewa kitu baadaye na bila kutengewa sehemu yao. Ndiye aliyelipa wazo hilo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita usanifu kwa wote. Mwaka wa 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za usanifu huo, na ya kwanza kabisa inahusu usawa: watu wote waingie kwa njia moja pale inapowezekana, na asiwepo anayetengwa ama kuaibishwa na jinsi kitu kilivyotengenezwa. Alifariki mwaka uliofuata.

Ukisoma kanuni hizo unagundua hazizungumzi juu ya viti vya magurudumu peke yake. Zinahusu mpini wa mlango unaoweza kufunguliwa na mkono wenye baridi yabisi, ama na kiwiko cha mama aliyebeba mtoto. Zinahusu maandishi yanayosomeka, bomba la maji lisilohitaji nguvu, kitu kisichokuumiza ukikosea kukitumia. Angalia tu noti zetu mpya zilizotoka mwaka wa 2019: zina alama zilizoinuka ambazo mtu asiyeona anaweza kuzihisi kwa vidole. Mtu asiyeona akitoa sadaka leo anaweza kujua mwenyewe ametoa mia ama elfu, bila kumuuliza jirani. Mimi na wewe tunatumia noti hiyo hiyo na hatusumbuki na chochote. Hiyo ni siri kati ya mtu na Mungu wake iliyorudishwa na alama ndogo ya kiwandani.

Watu wanaotetea mambo haya hupenda kusema kwamba kila mtu atafaidika. Ni kweli. Rampu ikijengwa itatumiwa na mama mwenye kigari cha mtoto, na kijana wa kuleta spika, na wale wa mapishi wakiingiza sufuria za harusi. Barabarani ni vivyo hivyo, ukingo ukiteremshwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, mwenye mkokoteni wa maji ndiye wa kwanza kuupitia. Kwa mtu wa biashara hiyo ni hoja tamu, na pengine ndiyo itakayopitisha bajeti. Lakini naomba tusiifanye msingi. Tukisema tunamjengea dada yetu njia kwa sababu hata sisi tutaipenda, basi siku ambayo hatutaipenda tutaibomoa. Lugha ya ishara, kwa mfano, haitanisaidia mimi ninayesikia. Kumlipa mkalimani kila Jumapili ni gharama tupu upande wangu. Je, kiziwi amepoteza haki yake ya kusikia injili kwa sababu mimi sipati kitu? Hapana. Faida ya wote ni nyongeza nzuri, kama zile nyanya mbili mama mboga anakuwekea juu ya kilo. Huwezi kusema ulienda sokoni kwa ajili ya nyanya mbili.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Ni wangapi?

Sensa yetu ya mwaka wa 2019 iliwapata Wakenya kama laki tisa wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Shirika la Afya Duniani husema ulimwenguni ni karibu mtu mmoja kwa kila sita, asilimia 16. Pengo hilo ni kubwa mno, na sidhani ni kwa sababu Wakenya wana afya mara saba kuliko wengine. Majibu hutegemea swali limeulizwa vipi, na pia hutegemea nani anajibu mlangoni. Tunajua wenyewe kwamba kuna nyumba ambazo mgeni akija, mtoto fulani huingizwa chumba cha ndani.

Kwa kanisa letu hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu tunahesabu walioingia. Duka lisilouza unga haliwezi kuangalia daftari lake la mauzo na kusema, "Mtaa huu hauli ugali." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara akiandika hivyo kwenye mtihani anaanguka. Lakini kanisani tunafanya hesabu hiyo hiyo bila haya: tunatazama viti, tunaona watu wawili wenye magongo na mmoja wa kiti cha magurudumu, tunasema wako watatu.

Kuna daftari lingine la kuangalia. Nalijua vizuri kwa sababu ni sehemu ya kazi yangu: orodha ya wagonjwa wa nyumbani, wale tunaowapelekea meza ya Bwana. Wengine kwa kweli wanaumwa, hawawezi kutoka kitandani. Lakini nimekaa na baadhi yao nikanywa chai yao, na nawaambia hawaumwi. Kuna mama anayelima kitunguu nyuma ya nyumba, anacheka kuliko mimi, anaijua Biblia kuliko kamati nzima. Magoti yake tu hayapandi ngazi. Alikuja miaka mingi, kisha akawa anakuja akishikwa mkono, kisha akaona anachelewesha watu mlangoni, akaacha. Hakuna aliyemfukuza. Tulimwandika kwenye orodha ya wagonjwa, tukamwombea apone, na tunampelekea mkate nyumbani kila mwezi tukijisikia vizuri. Mtu mzima wa afya, amewekwa kwenye orodha ya wagonjwa na ngazi tano. Na wako wengine kama yeye. Hebu kila mmoja wetu amkumbuke anayemjua.

Tena umri haubishani na mtu. Wengi wa waliochanga mawe ya jengo la kwanza sasa wana miaka 60 na 70. Yule anayeuliza leo ni wangapi, akijaliwa kuishi, atakuwa mmoja wao.

Nikitafuta kwenye Maandiko mahali panaposema juu ya ujenzi hasa, si hekalu bali nyumba ya kawaida ya mtu, napata mstari mmoja ambao hatuuhubiri kabisa. Uko Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, kwa sababu watu wa zamani walikaa juu ya dari zao jioni, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tafakari jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi. Haingoji mtu aanguke. Haimwambii mwenye nyumba awe na moyo wa huruma kwa walioanguka, ama awachangie hospitali. Haiulizi ni wangapi wataanguka kwa mwaka. Inasema ukijenga, umeshaingia kwenye uhusiano na kila mtu atakayekanyaga hapo, hata usiyemjua, hata ambaye hajazaliwa, na kosa la jengo ni lako. Ndiyo maana nikatumia neno deni. Kwa sheria hiyo mjenzi anaanza kudaiwa siku anapoweka jiwe.

Na kule Mambo ya Walawi 19, pale panapokatazwa kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza, siku zote nilikuwa nikifikiria mtu mwovu anayeweka gogo njiani makusudi. Lakini makwazo mengi hayawekwi na waovu. Yanawekwa na mtu aliyekuwa na haraka, anayeegesha pikipiki kwenye njia ya miguu, ama anayepanga viti vya plastiki mpaka kwenye ujia kwa sababu ibada ya leo imejaa, na Bwana ametenda.

Sheria za nchi zimefika hapo pia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma kwa njia inayofaa, pamoja na usafiri na habari. Lugha ya ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilishataka majengo yanayotumiwa na umma yabadilishwe. Huko Marekani kuna jambo linalonihuzunisha: sheria yao kubwa ya mwaka wa 1990, iliyolazimisha maduka, hoteli na sinema kufungua milango kwa watu wenye ulemavu, iliyaacha nje mashirika ya dini. Makanisa hayakulazimishwa. Kwa hivyo mtu angeweza kupata njia ya kuingia kwenye sinema na asipate ya kuingia ibadani. Hapa kwetu, tembea mjini uone: benki ina rampu. Benki, wapendwa.

Kuna hoja ya mwisho, na hii ni ya kwetu sisi Wapentekoste. Iliwahi kusemwa kwangu kwa upole baada ya ibada, na nimeisikia kwingine pia. Sisi tunaamini Mungu anaponya. Tukijenga rampu, je, hatujasema kwa saruji kwamba hatutarajii mtu ainuke? Je, si kama kumnunulia mtu jeneza tukiwa tunamwombea?

Naamini Mungu anaponya. Nimeona, na siwezi kukana nilichokiona. Lakini mhubiri anayeniambia rampu ni kukosa imani, mara nyingi ananiambia akiwa amevaa miwani. Anasoma andiko kwa miwani, anashuka, anaombea macho ya watu, na hakuna anayeona mgongano wowote. Tumezoea miwani. Rampu ni miwani ya miguu.

Tena mtazame Musa kule Kutoka sura ya 4. Alimwambia Mungu ulimi wake ni mzito. Mungu akamkumbusha ni nani anayefanya vinywa, macho na masikio. Ungetarajia basi kinachofuata ni uponyaji, ulimi ufunguliwe pale pale. Badala yake, Musa alipoendelea kusitasita, Mungu alikasirika, lakini akampa Haruni awe msemaji wake. Huo ni mkalimani. Mungu aliyeumba ulimi alichagua kubadilisha mpangilio wa kazi ili mtu wake afanye kazi na ulimi ule ule aliokuwa nao. Israeli ilitoka Misri kwa mpangilio huo.

Ama mtazame yule wa kwenye lango la hekalu, Matendo sura ya 3. Kila siku watu walimbeba. Walimbeba mpaka langoni, wakamwacha hapo. Miaka yote hiyo, na hatuambiwi kama kuna siku hata moja walipiga hatua kumi zaidi wamwingize ndani kusali kama mtu mwingine. Alipoponywa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia. Mimi husoma hapo kiu ya mtu aliyesikia ibada kutoka nje maisha yake yote. Kumngojea apone ndipo aingie ni kumfanya alipe muujiza kama kiingilio, na sisi wengine tuliingia bure, na magonjwa yetu, na madeni yetu, na siri zetu.

Na naomba hili kwa upendo: tukiwa na mgeni mhubiri, tusimkimbilie kila mwenye gongo kumwekea mikono kabla ya kumuuliza jina. Pengine amekuja kuombea mtihani wa mtoto wake.

Sisemi kila kitu kinawezekana. Gharama ni za kweli na mimi ndiye ninayeandika hundi. Hata ndani ya mahitaji yenyewe kuna mgongano: sauti kubwa ya spika inayomsaidia mzee asiyesikia vizuri ndiyo inayomfanya mtoto fulani wa shule ya Jumapili azibe masikio na kulia. Hakuna jengo la kumfaa kila mtu kwa kila kitu, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Lakini kutoweza kulipa deni lote leo hakulifuti. Mwenye duka mwaminifu anayedaiwa laki moja na ana elfu ishirini halipi laki, lakini pia haandiki kwenye vitabu vyake kwamba hadaiwi. Anaandika deni, analipa anachoweza, na anakaa na anayemdai wakubaliane. Hiyo sehemu ya mwisho sisi tumeiruka. Kamati imejadili choo cha watu wenye ulemavu vikao viwili bila kumuuliza hata mmoja wao mlango ufungukie upande gani.

Kwa hivyo nimependekeza kwa mweka hazina kwamba rampu na choo vitolewe kwenye fungu la huduma za jamii, ambalo hupata kinachobaki, vihamishwe kwenye fungu la msingi wa jengo, pamoja na nguzo na ngazi zenyewe. Limekubaliwa kujadiliwa.

Imebaki hesabu ya rampu yenyewe. Fundi alichora ya mita 3, ili isile nafasi ya kuegesha magari. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa sentimita 75 hiyo ni mita 9. Ya mita 3 ni mwinuko wa mtu kuteleza nao kinyumenyume mpaka barabarani. Ni rampu ya kupigwa picha. Mita 9 zitachukua nafasi ya magari matatu, na najua magari hayo ni ya nani, moja ni la mchungaji.

Na kuna zile ngazi tatu za ndani. Hizi hazikuwa kwenye orodha ya fundi kabisa. Rampu ya mlangoni inamruhusu dada yetu kuja kusikiliza. Anafundisha Biblia vizuri, wanaohudhuria ushirika wa nyumbani kwake wanajua. Lakini hajawahi kusimama ama kukaa madhabahuni, na hakuna aliyewahi kupanga kumnyima. Ngazi zilipanga. Sentimita 45, mita 5 na nusu hivi za rampu, na zitapita pale ambapo kwaya huketi upande wa kushoto. Mwalimu wa kwaya ameshaniuliza wataketi wapi. Michoro itabandikwa karibu na mlango Jumapili hii baada ya ibada ya pili, kwa maandishi makubwa, na nakala moja itakuwa chini, nje, kwenye meza chini ya mwembe, kwa wale ambao mlango bado hawaufikii. Mwenye tepu ya kupimia aje nayo.